Mzigo wa River Road, mizani ya Mombasa

Benki ya Dunia huzipa nchi alama za usafirishaji wa mizigo, kuanzia 1 hadi 5. Hutazama forodha, miundombinu, bei ya kusafirisha nje, ujuzi wa wahudumu, ufuatiliaji wa mzigo na kufika kwa wakati. Mwaka 2016 Kenya ilikuwa ya 42 duniani. Mwaka 2018, treni ya mizigo ya SGR ilipoanza kazi, tulishuka hadi nafasi ya 68.

Maana ya nambari hizo utaiona River Road, Nairobi. Wenye maduka madogo pale Nyamakima huchangia kontena moja watu wengi. Mwaka 2018 na 2019 makontena ya aina hiyo yalizuiliwa katika msako wa bidhaa ghushi, na wenyewe wakaandamana. Karatasi za mmoja zikiwa na kasoro, wote wanangoja, na ada ya kuhifadhi inapanda kila siku.

Huku kwetu, Agosti 2019 Mamlaka ya Bandari na Mamlaka ya Mapato zilitangaza kuwa mizigo ya bara ipande SGR. Ukihesabu malori yaliyopungua barabarani, utasema ni ushindi. Lakini kontena lilishushwa Embakasi na kuhitaji lori jingine kufika River Road. Mombasa nayo, yadi za makontena, madereva, makuli na akina mama wauza chakula walikosa riziki, watu wakamiminika barabarani siku za Jumatatu. Ni Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, ndipo Rais Ruto alipotangaza kazi hizo zirudi Mombasa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye ofisini huhesabu makontena yaliyotoka bandarini. Mwenye duka huhesabu siku na shilingi mpaka bidhaa ikae rafuni.

Mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini, yenye makao yake hapa Mombasa, tayari hupima muda wa safari za mizigo. Iongeze vipimo vitatu: gharama yote mpaka mlangoni kwa mnunuzi mdogo, dizeli inayochomwa na treni na lori la pili kwa pamoja, na ajira zinazobaki au kupotea njiani, kuanzia Changamwe hadi Mariakani na Voi. Dini yetu imetuamrisha kupima kwa haki. Mfumo unaoharakisha kontena huku ukifunga jiko la mtu wa Miritini haujawa endelevu, hata ukipewa alama 5.