Kiyoyozi cha gari kuukuu na ukungu wa Roret

Ukimwambia mtu wa Roret kwamba unatafuta fundi wa kiyoyozi cha gari, atakutazama mara mbili. Huko kwenye mashamba ya chai ya Kericho na Bomet watu huamka na makoti, na mchana mvua hushuka pamoja na mawe. Baridi ipo ya bure, sasa ya kununua ni ya nini?

Swali hilo ni zuri, na jibu lake huenda likaokoa maisha ya mtu. Wiki hii basi tuzungumzie kiyoyozi cha dashibodi, hasa kile kilichomo katika magari-nyumba ya zamani, yale yenye kitanda na jiko nyuma, ambayo huwafaa wazazi wanaopenda kuwatembeza watoto wakati wa likizo.

Mpenzi msomaji, kazi kubwa ya kiyoyozi milimani si kupoza, bali ni kukausha. Fikiria baba, mama na watoto wanne wamejifungia garini jioni. Mvua inanyesha, nguo zimelowa, na birika limetoka kuchemka sasa hivi kwenye jiko la nyuma. Pumzi na mvuke hukutana na kioo cha mbele kilicho baridi, na mara kioo chote huziba kwa ukungu. Dereva anafuta kwa kiganja, lakini baada ya dakika moja kimeziba tena. Huko mbele kuna kona, trekta lililobeba majani ya chai na wanafunzi wanaotembea kando ya barabara.

Chupa ya soda ikitoka frijini hutoa jasho. Jasho hilo si la soda, ni maji yaliyokuwa hewani yakaganda kwenye kitu baridi. Nyuma ya dashibodi kuna mabomba membamba yenye ubaridi wa namna hiyo. Hewa ikipita hapo huacha maji yake, nayo hudondoka chini ya gari. Ukiwasha hita pamoja na kiyoyozi, unapata hewa yenye joto na iliyo kavu, na kioo husafika upesi. Wengi hudhani kwamba viwili hivyo haviwezi kuwashwa pamoja. Vinaweza, na milimani ndivyo inavyofaa.

Kisha safari ikiteremka kupitia Kapsoit, Awasi na Ahero kuelekea Kisumu, sweta huvuliwa moja baada ya nyingine. Hapo kifaa kile kile kilichokuwa kikikausha hugeuka kuwa cha kupoza.

Wanafunzi, pakeni spiriti mkononi kisha mpulize. Ngozi hupoa kwa sababu spiriti ikigeuka mvuke huchukua joto la mwili. Gesi ya kiyoyozi hufanya vivyo hivyo ndani ya mabomba. Kompresa inayozungushwa na injini huisukuma, joto hutolewa mbele ya radieta, na mzunguko huanza upya.

Shida ya gari kuukuu ni aina ya gesi. Magari ya kabla ya miaka ya 1990 yalitumia gesi iitwayo R12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za ukoo huo huharibu ozoni, tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal ulitiwa sahihi Septemba 16, 1987, na sekretarieti yake iko hapa kwetu Gigiri, Nairobi. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza R12 ifikapo 1996, na nchi zinazoendelea zikafuata ifikapo 2010. Kwa hivyo mtu akikuambia leo kwamba ana mtungi mpya wa R12, muulize ameutoa wapi.

Iliyochukua nafasi yake ni R134a. Hapa ndipo wenye magari wengi huponzwa. Fundi hufungua mtungi, humimina gesi mpya juu ya masalio ya ile ya zamani, hupokea pesa zake na kukuaga. Baridi hutoka siku chache, kisha kompresa huanza kulia. Sababu ni oili. Kompresa haina oili ya peke yake kama injini, bali hulainishwa na oili inayozunguka pamoja na gesi. Oili ya zamani ya madini haichanganyiki na R134a. Hubaki imelala kwenye mabomba huku kompresa ikijisaga kavu.

Kubadilisha kwa njia inayostahili kuna hatua zake. Kwanza, masalio ya R12 yanyonywe kwa mashine na kuwekwa mtungini, yasiachiliwe hewani. Pili, oili ya zamani imwagwe na mabomba yasafishwe, kisha itiwe oili inayokubaliana na R134a. Oili ya aina ya esta huvumilia mabaki ya ile ya madini kuliko nyingine. Tatu, pete za mpira kwenye viungo zibadilishwe, na mipira mirefu ikaguliwe. Katika gari-nyumba mipira hiyo hutikisika na kusuguana na chuma kwa miaka mingi, na tundu dogo tu huivujisha gesi yote. Nne, ibadilishwe draya, yaani kile kikopo chenye chembe za kunyonya unyevu. Tano, vifungwe viunganishi vya R134a na kibandiko kinachotaja gesi mpya, ili fundi wa kesho asikosee.

Draya ifunguliwe mwisho kabisa, na kopo la oili mpya lisiachwe wazi. Vyote viwili hunyonya maji hewani, na hewa ya Roret ina maji tele. Kazi hii haifanywi uani wakati ukungu umetanda.

Baada ya hapo pampu huondoa hewa na unyevu wote mabombani kwa muda usiopungua dakika 30, na ni afadhali zaidi. Hapa pana jambo la kukumbuka. Mjini Mombasa geji ya pampu hukaribia inchi 30 za zebaki. Kwenye kimo cha mita 2,000, hewa ya nje yenyewe ni nyepesi, na pampu nzuri hufika 23 au 24 tu. Usimgombeze fundi wa milimani ukidhani pampu yake ni mbovu. Mwambie aizime na kufunga vali, kisha mngoje nusu saa. Sindano ikirudi nyuma, kuna mahali panapovuja, na kujaza gesi ni kutupa pesa.

Gesi hupimwa kwa mizani. Kama gari lilibeba kilo 1 ya R12, R134a itatosha gramu 800 hadi 900. Mafundi wa zamani walijaza mpaka mapovu yaishe kwenye kijidirisha cha kioo. Kwa gesi mpya mtindo huo hujaza kupita kiasi na kupandisha shinikizo.

Vaa miwani na glavu, kwa maana gesi hii huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri na inaweza kugandisha jicho. Kopo lisitumbukizwe katika maji ya moto, wala vali ya upande wa shinikizo kubwa isifunguliwe kwa kopo injini ikinguruma, kwani kopo litapasuka. Na fundi akitaja gesi ya kupikia, chukua funguo zako uondoke. Bomba likipasuka, gesi hiyo itajaa mahali watoto wanapolala.

R134a nayo ina dosari. Haiharibu ozoni, lakini kilo 1 ikivuja huongeza joto la dunia kuliko kilo 1,300 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za jamii yake. Kuziba mianya vizuri basi ni faida kwa mfuko wako na kwa jirani.

Kazi ikiisha, tundika pazia zito nyuma ya viti vya mbele, kwani kiyoyozi cha dashibodi hakiwezi kupoza nyumba nzima. Na gari likikaa Roret, kiwashe kwa dakika 10 kila wiki hata kama unatetemeka. Oili itazunguka na mipira haitakauka.

Waswahili husema rahisi ghali. Kabla hujalipa, muulize fundi maswali matatu: oili umebadilisha, draya umebadilisha, na sindano ilisimama kwa muda gani? Akiyajibu bila kubabaika, mpe haki yake na uwapakie watoto.

Tukutane Jumapili ijayo.