Miaka Minne Isiyo na Mwenyewe

Kila halmashauri nchini inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kila fedha hiyo inapotetewa, bungeni au kwenye baraza la madiwani, hutajwa kijana wa kijiweni, yule ambaye asipopata shughuli atashika panga. Kijana huyo haipati, na kwa jinsi utaratibu ulivyopangwa hawezi kuipata.

Ana miaka 15. Alimaliza darasa la saba hakuchaguliwa, au alichaguliwa akaachia njiani kidato cha kwanza, kwa sababu ada ilifutwa lakini nauli, sare na chakula cha mchana havikufutwa. Mkopo unamtaka awe ametimiza miaka 18, awe ndani ya kikundi chenye katiba, cheti cha usajili na akaunti ya benki, kisha apite kwa afisa maendeleo ya jamii. Anayeweza kukamilisha yote hayo ameshavuka hatari tunayoizungumzia. Ni haki yake kukopa na tunamtakia heri. Lakini mpango unaompokea kijana akishajiokoa mwenyewe usijiite mpango wa kumwokoa.

Kati ya 14 na 18 kuna miaka minne. Ndani ya miaka hiyo shule imeshamwachia, benki haimtambui, kiwanda hakimwajiri. Kinachompokea ni kijiwe. Dar es Salaam inalijua hilo kwa gharama kubwa. Januari 2015 uvumi wa ujio wa Panya Road, vikundi vya vijana wahalifu, ulitosha kufunga maduka na kuwakimbiza watu majumbani. Septemba 2022 vikundi hivyo vilirudi na mapanga, nyumba zikavamiwa Chanika, na Kawe binti aliyekuwa masomoni akauawa. Jibu lilikuwa doria, kamatakamata na risasi. Hatuwatetei waliokata watu mapanga. Damu ile ina wenyewe na sheria ina njia yake. Tunachouliza ni hiki: mtoto aliyekuwa na miaka minane katika taharuki ya kwanza alikuwa na 15 katika ile ya pili. Katika miaka yote hiyo saba, ni ofisi gani ya umma iliyowahi kumuuliza anashinda wapi?

Wazazi tunawasomea methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Bajeti zetu zinasubiri akauke.

Wapo wanaompokea mapema, na hawamo katika bajeti yoyote. Nenda Mbagala, Buguruni au Tandale asubuhi, usimame kwenye uwanja wa fundi wa kuchomelea. Utamkuta mvulana amevaa ndala, amechuchumaa ameshikilia bomba la geti huku fundi akichomelea. Miwani ni moja, na ni ya fundi. Mvulana anageuza uso cheche zinaporuka, na usiku macho yanamwasha hadi alfajiri. Lakini mwulize kazi: atakuambia bila kalamu geti la futi kumi linakula mabomba mangapi na makopo mangapi ya rangi. Jioni anapewa hela ya kula. Baada ya miaka miwili anaijua kazi kweli, ila hana karatasi inayosema hivyo, hana grenda yake, wala hakuna mtu mwenye wajibu wa kumsaidia avipate. Siku fundi akikosa oda, mvulana anarudi kijiweni.

Uhusiano huu wa fundi na mtoto anayejifunza kwake si jambo geni kwa sheria zetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inauzungumzia uanagenzi wa namna hiyo, ikimruhusu mtoto kuanza akiwa na miaka 14, ikitaka pawe na mkataba, na ikimwajibisha fundi kumfundisha kazi na kumwekea mazingira salama. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, nao wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Vipande viko mezani. Hakuna aliyepewa kazi ya kuviunganisha, na hakuna fungu la kumwezesha fundi anunue miwani ya pili.

Tutaambiwa mpango upo, na ni kweli. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha IPOSA, elimu changamani kwa vijana walio nje ya shule, wakiwamo wa umri huu huu tunaoulilia: kusoma na kuhesabu kwa waliokosa, ufundi wa kuanzia, ujasiriamali, stadi za maisha. Kati ya mipango yote tuliyonayo huo ndio uliomwelewa mtoto huyu. Ndiyo maana inatuuma kuona ulianza kwa mkono wa UNICEF na bado madiwani wengi hawaoni kuwa ni mzigo wao. Darasa la vijana 30 lenye mwezeshaji anayesubiri posho na cherehani mbili halitashindana na kijiwe. Mfadhili akiondoka litafungwa, na hakuna atakayeitwa kujieleza.

Tutaambiwa pia fedha hakuna. Hilo hatulikubali. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo sasa ni asilimia 3.5 ya mishahara. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ya makusanyo yake ndiyo iliyokwenda VETA; sehemu kubwa ilikwenda kwingine, ikiwamo mikopo ya elimu ya juu. Mwanafunzi wa chuo kikuu anastahili mkopo. Hastahili kuupata kutoka mfukoni mwa mtoto aliyeishia darasa la saba. Na asilimia 10 za halmashauri zenyewe zilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, zikarejeshwa mwaka uliofuata. Fedha iliyokuwapo ya kuliwa na vikundi hewa haiwezi kukosekana kwa mtoto mwenye jina, sura na mtaa.

Msichana wa umri huo haonekani kabisa, kwa sababu yeye hafanyi fujo. Yuko jikoni kwa watu, analala sebuleni, au ana mtoto mgongoni. Waraka wa Novemba 2021 ulimfungulia mlango wa kurudi shule, na tuliupongeza. Lakini binti anayenyonyesha hatarudi darasani pasipo mtu wa kumshikia mtoto, na hatajifunza ushonaji kwenye kituo kinachodhani wanafunzi wake wote ni wavulana wasio na majukumu.

Kuna hoja moja tunayoiheshimu: kwamba kuwalipa mafundi wawapokee watoto, kama tunavyopendekeza, ni kuhalalisha utumikishwaji. Hatari hiyo ni ya kweli, na baadhi ya mafundi hao wanawanyonya watoto leo hii. Ila leo hii hakuna anayewaona. Fundi anayepokea fedha ya umma kwa mkataba atatembelewa na afisa ustawi wa jamii, atahesabu saa za mtoto, atamwachia nafasi ya kujifunza kusoma, na akikiuka atanyang'anywa mtoto na fedha.

Serikali inajenga vyuo vya VETA katika wilaya 64, na sera mpya ya elimu imeleta mkondo wa amali sekondari. Ni hatua kubwa, zinazomfaa aliyebaki kwenye mstari. Kwa aliyekwisha kutoka tunataka kanuni za mikopo zirekebishwe, sehemu ya asilimia 4 za vijana iwalipie watoto wa miaka 14 hadi 17 mafunzo kwa mafundi waliosajiliwa na vifaa vya kuanzia kazi, na IPOSA iingie kwenye bajeti ya kila halmashauri kwa fedha zake yenyewe. Na mpango wowote upimwe kwa wangapi bado wako kazini mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Picha ya mgeni rasmi akigawa vyeti haituambii lolote.

Mabaraza ya madiwani hukutana kila robo mwaka. Kabla ya kikao kijacho, kila mtendaji wa mtaa aandike majina ya watoto waliomaliza darasa la saba wasioonekana shuleni, na kila kata iorodheshe mafundi walio tayari kuwapokea. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala waraka kutoka Dodoma. Diwani atakayeingia kikaoni bila orodha hizo aulizwe mbele ya wapiga kura wake.