Mimbari na Moyo: Dhidi ya Uhakiki wa Kanuni Moja

Uhakiki wa fasihi katika vyuo vikuu vya Kenya umezoea kuikabili dini kwa kanuni mbili zinazodhaniwa kuwa mahasimu. Ya kwanza, iliyokita mizizi tangu miaka ya 1970, hushikilia kwamba dini ni kasumba, yaani chombo cha tabaka linalomiliki mali. Ya pili, ambayo imetawala vitabu vya mwongozo, hushikilia kwamba dini ni hazina ya maadili, na kwamba kazi ya msomaji ni kuchuma mafunzo. Kwa hakika, kanuni hizi ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili humpa mwanafunzi jibu kabla hajafungua kitabu. Zote mbili hulikwepa swali ambalo fasihi yenyewe imeliuliza kwa muda mrefu: anayewahukumu wengine ameipata wapi haki ya kuhukumu?

Ngome ya kanuni ya kwanza ni tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, waliyoiandika Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ikaigizwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na kupigwa marufuku mwaka huo huo. Mhakiki hueleza jinsi tajiri mshika dini, Ahab Kĩoi, anavyomshawishi Kĩgũũnda na mkewe wafunge ndoa kanisani. Jinsi Kĩgũũnda anavyoweka rehani hati ya kipande chake cha ardhi ili apate mkopo wa benki. Na jinsi ardhi hiyo inavyompotea. Kisha hutoa hukumu: kanisa ni kasumba. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaruka jambo zito. Tajiri huyo anaitwa Ahab, na mkewe anaitwa Jezebel. Anayeijua Biblia hukumbuka mara moja Mfalme Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi, mnyonge aliyeuawa ili urithi wake utwaliwe, pamoja na nabii Eliya aliyemkabili mfalme ana kwa ana. Kwa hiyo waandishi hawa hawakulihukumu kanisa kwa kipimo cha kigeni. Walikitwaa kipimo chake chenyewe na kukitia mikononi mwa wafanyakazi. Dini inayotumiwa kunyang'anya ndiyo hiyo hiyo inayompa mnyang'anyi jina lake. Anayeiona kasumba peke yake ameisoma nusu ya tamthilia.

Watetezi wa kanuni ya pili nao wasishangilie. Wao wameifanya Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuwa waadhi wa kawaida: dunia ni mapito, basi. Usomaji huo unapuuza suala la nani anaambiwa. Mshairi alikuwa sharifu, mtu wa tabaka lililoheshimiwa katika mwambao wa kaskazini. Angeweza kusimama juu ya nasaba yake na kuwakemea matajiri wa Pate kutoka huko juu. Badala yake anauhoji moyo wake mwenyewe, anauonya na kuushutumu kwa kupumbazwa na dunia. Magofu ya majumba ya fahari, yaliyogeuka makao ya popo na wadudu, ni ushahidi unaowekwa kwanza mbele ya moyo huo. Mamlaka ya utenzi huu kimaadili hayatokani na cheo cha msemaji. Yanatokana na kukubali kwake kuwa mshtakiwa wa kwanza.

Huenda ikadaiwa kwamba haya ni mambo ya vitabu tu. Historia ya Kenya inakanusha. Katika miaka ya 1980, Henry Okullu, Alexander Muge na Timothy Njoya waliupinga upigaji kura wa mlolongo na ubabe wa chama kimoja, huku viongozi wengine, wenye majoho kama yao, wakiitetea serikali au wakinyamaza. Ikiwa joho ndilo chimbuko la mamlaka, ni kwa nini majoho yale yale yalizaa sauti mbili? Tofauti ilikuwa katika gharama ambayo kila mmoja alikuwa tayari kuilipa. Aidha, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri, mnamo Februari 2008, kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Wapo walioliona ungamo hilo kuwa aibu. Kwa kipimo cha Al-Inkishafi, hapo ndipo mimbari ilipoanza tena kusikika.

Kinyume chake ni Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu huo wa Kilifi, ilianza kufukuliwa miili iliyofikia zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto, ya wafuasi wa mafundisho ya kufunga hadi kufa. Kanuni ya kasumba itasema ilitabiri; kanuni ya mafunzo itasema hiyo haikuwa dini ya kweli. Yote mawili ni kunawa mikono. Waumini hawakukosa mafunzo, wala hawakukosa utii. Walichonyimwa ni haki ya kumwuliza mhubiri swali, na hiyo ni stadi ambayo darasa la fasihi lilipaswa kuwa mahali pake pa kwanza.

Mhakiki anayemfundisha mwanafunzi kukariri kwamba dini ni kasumba, na yule anayemfundisha kukariri kwamba dini ni maadili, wote wawili wamepanda mimbarini. Wanadai kuitikiwa, hawataki kuhojiwa. Kabla uhakiki haujawauliza makasisi na masheikh wameyapata wapi mamlaka yao, hauna budi kujiuliza umeyapata wapi ya kwake.