Nyumba Kumi Mpakani Diff: Huyu ni Mgeni wa Nani?

Mpango wa Nyumba Kumi ulianza Kenya 2013, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi. Wazo lenyewe tuliliazima Tanzania: mjue jirani yako, na ukiona sura ngeni uliza. Huku Mombasa, ambako mtu hupanga nyumba mwaka mzima bila kujua jina la wa mlango wa pili, lina maana.

Diff ni habari nyingine. Mji huu wa Wajir Kusini uko mpakani kabisa, na watu wa pande zote mbili ni Wasomali, wengi wao ndugu wa ukoo. Mgeni hasailiwi mlangoni. Hupewa chai ya maziwa, na haki yake katika Uislamu ni siku tatu. Sasa mwenye nyumba afanyeje? Akimripoti binamu aliyevuka na mbuzi wake kutafuta maji, amevunja undugu. Akinyamaza, na mgeni akawa wa Al-Shabaab, polisi watamfuata yeye. Na akiwaripoti hao wenyewe, usiku atalindwa na nani?

Hatari ipo, sikatai. Mpaka ulifungwa rasmi 2011. Mei 2023 Waziri Kithure Kindiki alitangaza utafunguliwa kwa awamu, Julai akaahirisha kwa sababu ya mashambulizi. Lakini mpaka ukifungwa, anayevuka haandikishwi, na kazi ya afisa wa uhamiaji inamwangukia jirani, bila mshahara wala ulinzi. Serikali ikitaka majina ya wageni, iyaandike yenyewe pale wanapovukia.