MAMBO YA NYUMBANI: Chokoleti ya Sufuria

Watoto wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Shauri Moyo na Kaloleni hata Jericho, huijua chokoleti kwa kuitazama dukani, nyuma ya wavu wa chuma, mahali ambapo vidole vyao havifiki. Bei yake si ya kila siku. Lakini mama mwenye mkebe mdogo wa kakao, sukari kidogo, na karanga za soko la Gikomba, aweza kutengeneza nyumbani kitu kinachoikaribia, na watoto wake wakawa mafundi pamoja naye.

Kazi yenyewe si ngeni. Kashata za nazi na za karanga ni desturi ya kale ya pwani, nazo zilifika Nairobi pamoja na Waswahili waliokuja kukaa Pumwani. Kinachozidi hapa ni kakao tu. Mkakao hauvumilii baridi ya Nairobi. Hustawi Bundibugyo, magharibi ya Uganda, na Kyela, kusini ya Tanzania. Punje zake huvundikwa siku kadhaa, huanikwa juani, hukaangwa na kusagwa, kisha mafuta yake mengi hukamuliwa, na unga unaobaki ndio uuzwao katika mikebe. Mafuta hayo ndiyo huifanya chokoleti ya kiwandani iyeyuke kinywani. Kwa hiyo chokoleti ya sufuria ni ndugu wa kashata zaidi, wala si aibu.

Yatakiwa vikombe viwili vya sukari, theluthi mbili za kikombe cha maziwa, vijiko vinne vikubwa vya kakao isiyotiwa sukari, kijiko kikubwa cha siagi, na kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa. Karanga ni kazi ya watoto tangu mwanzo. Wazifikiche viganjani, wapeperushe maganda mlangoni, na kila iliyoota ukungu au kukunjamana itupwe, kwani ukungu huo una sumu. Kisha zitwangwe ziwe laini, kwa maana karanga nzima yaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitano.

Hapo ndipo mwiko hurudi mkononi mwa mama. Nyumba nyingi za mitaa hii zilijengwa enzi ya ukoloni, chumba kimoja au viwili, na jiko na mchezo wa watoto havina nafasi ya kutengana. Sukari inayochemka ni moto kupita maji yanayochemka, tena hung'ang'ania ngozi. Mpini wa sufuria uelekezwe ukutani, na watoto wakae kitandani au nje mpaka waitwe. Kwa kuwa mfereji si wa kutegemewa kila siku, ndoo ya maji baridi iwekwe karibu kabla jiko halijawashwa. Mtu akiungua, jeraha limwagiwe maji hayo polepole kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na siagi, ambavyo majirani hawakosi kuvileta, visipakwe kamwe. Mtoto mdogo aliyeungua, au jeraha lenye malengelenge, apelekwe hospitali.

Sukari, maziwa na kakao vichemke kwa moto wa wastani. Vitabu vya Ulaya hutaja digrii 115, lakini Nairobi iko juu sana ya bahari, na huko maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Anayefuata kitabu atapata jiwe. Afadhali tone moja lidondoshwe katika kikombe cha maji baridi. Likifinyangika kama kidonge laini, sufuria iepuliwe na siagi itiwe juu bila kukoroga.

Sasa huja sehemu ngumu: kungoja. Watoto watauliza, “Mama, bado?” mara kumi. Jibu ni bado, mpaka mama aweze kuweka kiganja chake chini ya sufuria bila kukiondoa. Anayekoroga mapema hupata chengachenga za sukari kama mchanga mdomoni, kwa kuwa punje kubwa hujiunda upesi katika joto. Hivyo subira ile ile inayokinga mikono ya watoto ndiyo inayoilainisha chokoleti. Ikisha kupoa, karanga zitiwe, na mwiko upewe watoto, kila mmoja kwa zamu, wakoroge kwa nguvu mpaka mng'aro upotee na mkono uchoke.

Imiminwe upesi katika sinia lililopakwa siagi, nayo ikatwe kabla haijakauka kabisa. Wadogo wafunge vipande katika karatasi safi na kuvihesabu. Vitahesabiwa tena jioni, na mara nyingi hupungua kimoja.