Eti "Jikaze, Ni Jino Tu"

Siku nne sijaandika kitu hapa kwa sababu shavu la kushoto lilikuwa limeumuka kama andazi. Leo hasira zimezidi maumivu, kwa hiyo mtanisikiliza.

Nimetolewa gego la mwisho la chini. Siyo kule kung'olewa kwa dakika mbili. Hili lilikuwa limelala kiubavu ndani ya taya, wakachana ufizi, wakachonga mfupa, wakalikata vipande, wakashona. Ganzi ilikolea, daktari ana mkono mwepesi, sina neno naye. Ugomvi wangu unaanzia pale nilipouliza ganzi ikiisha nitumie nini. Nesi akanicheka: "Jikaze binti, ni jino tu. Leba utaiweza?" Kituo sikitaji. Nikapewa antibaiotiki kwenye kibahasha, kwaheri.

Sasa jamani, leba imeingiaje kwenye taya langu? Msichana akilalamika jino anatishiwa uzazi, mvulana anaambiwa mwanaume halii. Aliyenyamaza vizuri anapewa sifa badala ya dawa. Tena sifa zenyewe hazishushi hata uvimbe!

Na kinachoniudhi zaidi, watu wa meno ndio walioihangaikia ganzi kabla ya wengi. Mwaka 1844 huko Marekani, Horace Wells, daktari wa meno, alivuta ile gesi ya kuchekesha akang'olewa jino lake mwenyewe. Mwaka 1846 William Morton, naye wa meno, akamlaza mgonjwa kwa etha mbele ya wapasuaji wa Boston. Miaka yote hiyo imepita, halafu mimi naambiwa nijikaze?

Hiyo antibaiotiki nayo tuielewe. Kazi yake ni bakteria, haitulizi maumivu. Lakini hapa hosteli mtu akiumwa jino anakimbilia rangi mbili dukani, anameza tatu, anaacha. Halafu kuna madaktari wetu wa korido: saga aspirini uweke kwenye kidonda (inaunguza ufizi, na aspirini inazidisha kutoka damu), weka ugoro, sukutua na konyagi. Karafuu angalau ina hoja, mafuta yake hata madaktari wa meno wanayatumia, ila siyo kuisokomeza kwenye kidonda chenye nyuzi mbichi.

Aliyeniokoa ni dada wa duka la dawa. Paracetamol mbili za miligramu 500 na ibuprofen ya 400, baada ya uji, kabla ganzi haijaisha. Kisha kila baada ya saa sita, kwa saa ya ukutani, usingoje uumie kwanza, manake maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Paracetamol zisizidi nane kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, figo au ujauzito asiguse ibuprofen bila kuuliza. Akaniambia pia siku ya pili na ya tatu ndizo uvimbe unapokuwa mkubwa, nisishtuke. Kweli, ya pili ilikuwa balaa, lakini nililala.

Mengine ni madogo ila hakuna aliyeniambia kule: barafu kwenye kitambaa siku ya kwanza, maji ya chumvi ya uvuguvugu kuanzia kesho yake, hakuna mrija, hakuna sigara, usiteme mate kwa nguvu. Damu iliyoganda ndiyo inayofunika shimo. Ikichomoka mfupa unabaki wazi, na maumivu yanayorudi siku ya tatu au ya nne hayo siyo ya kujikaza, ni ya kurudi kwa daktari. Jamaa mmoja wa bloku ya jirani alijikaza wiki nzima, kisa aibu. Test mbili zimempita.

Kuongea dakika tatu kungewagharimu nini?

Gego la kulia bado lipo, nalo linatoka likizo. Safari hii wasiponiandikia dawa ya maumivu sibanduki kwenye benchi, na leba yao nitawaachia hapo hapo.