Vishikwambi visifungiwe shuleni

Mhariri,

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia hewani. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilirusha vipindi kupitia redio ya KBC, runinga ya Edu Channel na YouTube. Mtoto wa Nairobi mwenye Wi-Fi nyumbani aliendelea kumwona mwalimu wake kwenye Zoom. Wenzake wengi wa Turkana, ambako nyumba nyingi hazina umeme, walibaki wakichunga mbuzi. Julai, Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Wanafunzi wengi walirejea darasani Januari 2021.

Tangu hapo kuna hatua njema. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kinachofundisha kwa mtandao, kilipewa hati Agosti 2023.

Mtu mzima mwenye mshahara anaweza kusoma huko. Lakini mwanafunzi wa msingi hana mshahara wa kununulia bando. Wanaomfaa ni watu kama waanzilishi wa Shupavu 291, huduma iliyotuma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi, yakafika hata kwenye simu ya kabambe ya mama. Na vile vishikwambi vilivyosambazwa shuleni kuanzia 2016? Vilikusudiwa kutumika darasani, kwa hiyo milango ilipofungwa havikumfaa mtoto aliyekuwa nyumbani. Hilo linauma.

Wizara ya Elimu iweke masomo yote ya mtaala ndani ya vifaa hivyo, yasomeke bila intaneti, kisha iruhusu watoto kuviazima wakati wa likizo, wakianza wa kaunti kame.

Msomaji,
Kitale